Maili Moja ya Harrop Nook

Alhamisi, 5 Septemba

Tumeanza. Siku nne kwa baiskeli, maili mia na ishirini, Njia ya Jaggers, ile ya wachukuzi wa zamani wa mizigo, kutoka Derbyshire hadi mlangoni kwetu Ludroyd na kuendelea kaskazini. Tuko watatu kama kawaida: mimi; Des, yaani Desmond Holroyd, mstaafu wa posta mwenye magoti mabovu; na Tanvir wa duka la matairi, ambaye ana miaka arobaini na sita lakini mbele yetu ni mtoto. Mvua tangu saa tatu asubuhi. Mageti arobaini na moja. Nayajua kwa sababu Des huyahesabu kwa sauti, kila geti, kila mwaka, na kila mwaka napanga kumnyonga.

Ijumaa, 6 Septemba

Matope meusi hadi kwenye ekseli. Nimeanguka mara mbili. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo nina hasira na nitaandika mpaka ziishe.

Asubuhi ilikuwa njema. Tulipanda ule mlima wa mawe yaliyochimbika katikati kwa kwato za farasi wa mizigo wa zamani. Gurudumu likiingia kwenye ule mfereji, wewe unakwenda linakotaka lenyewe. Juu tulikutana na mwanamke mwenye farasi mweupe, tukashuka, tukasimama upande wa bonde, tukaanza kuongea kwa sauti ili farasi ajue sisi ni watu. Tanvir huwa hajui amwambie nini farasi, kwa hiyo humpa matokeo ya kriketi. Mwanamke akacheka hadi akapotea kwenye ukungu.

Halafu tukafika Harrop Nook. Mnyororo uko palepale, na kufuli, na kile kibao: NJIA BINAFSI. Miaka miwili na nusu sasa. Mzee Amos Greenwood alipokufa, shamba alinunua Bwana Pelham, mtu wa mjini mwenye koti jipya la mkulima, na wiki ya pili tu akafunga geti. Ni maili moja tu ya shamba lake. Ukinyimwa hiyo maili unashuka kwenye barabara ya machimbo, maili mbili za malori ya mawe, hakuna nafasi pembeni, ukuta kulia na ukuta kushoto.

Tukashuka. Lori la tatu lilimpita Des kwa upana wa kiganja. Upepo wake ukamtupa ukutani. Nilipomfikia alikuwa ameketi kwenye majani ya kuwasha, kofia imemwangukia puani.

"Sijafa," akasema.

"Nyamaza, nikuangalie mkono."

"Mkono upo, Glenda. Mwangalie Tanvir, ndiye amekuwa mweupe."

"Mzee Des, siku utakapokufa barabara hii nitakuua mimi mwenyewe," Tanvir akasema, huku akiiondoa baiskeli yake barabarani.

Mimi sikucheka. Novemba 19 tuna kikao mbele ya mkaguzi kutoka serikalini kuhusu ile maili moja. Tukishinda, inaingia kwenye ramani na Pelham atakata mnyororo wake mwenyewe. Tukishindwa, itabaki barabara ya machimbo milele, na mmoja wetu atazikwa kwa ajili yake. Sioni njia ya kuliweka hilo kwa upole.

Jumapili, 8 Septemba

Tumemaliza. Mageti mia moja na tatu. Mgongo si wangu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekaa na fomu za mashahidi mezani. Thelathini na nne. Sheria yenyewe mtoto anaielewa: watu wakipita mahali miaka ishirini, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kumwomba mtu ruhusa, njia inakuwa ya watu. Ukiomba, hata mara moja, umepita kwa hisani ya mwenye shamba, na hisani haiwi haki hata ikikaa miaka mia. Miaka yetu ishirini inahesabiwa kurudi nyuma tangu mnyororo ulipofungwa.

Swali la tisa: *Je, uliwahi kuomba au kupewa ruhusa?* Nimeandika HAPANA kwa herufi kubwa na nikapiga mstari chini. Amos Greenwood alikuwa mzee mchungu kama shubiri. Nilipita mbele ya dirisha lake kila Alhamisi miaka yote hiyo na hakunipungia hata kidole. Nimwombe nini mtu kama yule?

Jumanne, 17 Septemba

Mvua. Nimebadili pedi za breki.

Alhamisi, 26 Septemba

Bi Lorna, mpanda farasi anayetusaidia na kesi kwa sababu naye amefungiwa geti, alikuja kupitia maelezo yetu. Mama mwenye sauti ya kuita mbwa ng'ambo ya bonde. Tulikuwa tunakunywa chai vizuri tu, Tanvir anamsimulia jinsi Amos alivyokuwa, ndipo akasema, "Aliyemjua vizuri ni mzee Des. Si alikuwa anampelekea wiski kila Krismasi?"

Bi Lorna akaweka kikombe chini.

"Wiski ya nini?"

"Wiski tu. Chupa. Na kadi."

"Kila mwaka? Kwa mwenye shamba? Jamani, nyie mna akili? Wakili wa Pelham akiipata hiyo atasema mlikuwa mnamshukuru kwa kuwaruhusu. Atasema ni kodi ya chupa moja kwa mwaka!"

Nimekosa usingizi. Tulichokijenga kwa fomu thelathini na nne, huyu Des kakitoboa kwa heshima zake za kipumbavu. Mtu anayesema samahani akikanyagwa! Ningemjua mapema nisingemtaja hata kwenye orodha.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Nilisema nitatulia, na sikutulia.

"Ulipeleka au hukupeleka?"

"Nilipeleka," Des akasema.

"Kwa nini?"

"Alikuwa peke yake Krismasi."

"Na kwenye kadi uliandika nini? Asante kwa njia?"

"Niliandika heri ya Krismasi, Glenda. Wengine huandika nini?"

Ukumbi ukacheka na hicho kicheko ndicho kilichonimaliza. Nikamwambia ameiuza njia yetu kwa chupa. Nikamwambia ni msaliti. Nikamwambia kama ana aibu hata kidogo asije kikaoni, na asinifuate tena Alhamisi na hesabu zake za mageti. Nilipika shuleni miaka ishirini na tisa, sauti ninayo.

Des akachukua kofia yake ya baiskeli chini ya kiti na kutoka. Hakuna aliyemtetea. Nikaona hiyo ni dalili kwamba nina haki.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumeendesha wawili. Hakuna aliyehesabu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Tanvir amesema ana kazi. Nimeendesha peke yangu hadi kwenye bwawa na kurudi. Ukungu. Kwato za farasi kila mahali na hakuna farasi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Jana Des kagongwa. Kioo cha lori kimemnasa begani kwenye barabara ya machimbo. Mtulinga, ule mfupa wa bega, umevunjika, na mbavu tatu. Alikuwa peke yake. Angekuwa na sisi tungekuwa na taa ya nyuma na Tanvir mwenye koti la manjano.

Tanvir alinipigia simu saa mbili asubuhi.

"Unakuja hospitali, Bi Glenda?"

"Amesema niende?"

"Hajasema usiende."

"Basi mpe salamu."

"Mpe mwenyewe," akasema, akakata. Mtoto huyu hajawahi kunikatia simu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikwenda. Najiambia ni kwa sababu ya kazi ya kesi, ramani za kurudufu na kadhalika. Ukweli ni kwamba sijui ningeanza na neno gani, na bado nina hasira ya chupa. Lakini sasa kesi imekuwa ya damu. Nitashinda kwa ajili ya mtulinga wake, atake asitake.

Jumanne, 5 Novemba

Fataki kila mahali, kama kila tarehe tano Novemba. Mbwa wa jirani kajificha bafuni kwangu.

Jumatano, 13 Novemba

Baridi ya kwanza. Maji ya kwenye chupa yameganda nikiwa juu. Nimesimama kwenye geti la Pelham, nikaona nyumba ya Amos imepakwa chokaa nyeupe, na dirisha lake limetiwa mapazia. Nimejikuta nalikumbuka lilivyokuwa, chafu, na uso wake nyuma yake. Kumbe nilikuwa naangalia kila Alhamisi kama yupo.

Jumanne, 19 Novemba

Niandike yote leo, kwa sababu kesho nitaanza kuyapunguza.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi uleule wa kanisa. Mkaguzi, mama mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Pelham kakaa mbele na wakili wake. Des alikuja. Alikaa nyuma kabisa, mkono umefungwa kifuani kwa kitambaa cha bluu, na nilipopita nilimwangalia kitambaa badala ya uso.

Wakili alianza na chupa, kama Bi Lorna alivyotabiri. Akamwita Des mbele.

"Bwana Holroyd, ulikuwa unamlipa marehemu?"

"Hapana bwana. Nilikuwa namtembelea."

"Kwa nini wiski?"

"Keki hakuipenda."

Mkaguzi akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Akauliza kama kwenye kadi palikuwa na neno lolote kuhusu njia. Des akasema hapana. Basi. Chupa ikaisha hapo. Dakika nne! Nilimtukana mtu mbele ya ukumbi kwa jambo la dakika nne. Nikiwa bado nalitafakari hilo, nikaitwa mimi.

Wakili alinisomea swali la tisa na jibu langu. Akasifu mstari niliopiga chini. Akaniuliza kama mwaka 2001 nilikuwa katibu wa kikundi chetu. Nikasema ndiyo. Akatoa karatasi ndani ya nailoni. Alisema Bwana Pelham alinunua nyumba na vilivyomo, na juzi tu ndipo walipofungua kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Niliujua kabla hajanifikia. Ile g yangu yenye mkia.

Aliisoma kwa sauti, na alisoma vizuri, alaaniwe. *Mpendwa Bwana Greenwood. Tumesikitika sana kwa yaliyokupata. Sasa njia za mashambani zimeanza kufunguliwa tena, hatutaki kukuongezea mzigo. Tungeshukuru sana kama ungeturuhusu kupita Harrop Nook kama zamani. Ukisema hapana tutaelewa. Wako, Glenda Sugden, Katibu.*

Chini, kwa penseli, mwandiko mwingine, wa Amos: *Nimemwambia ndiyo. 14 Okt.*

Mwaka ule wa ugonjwa wa ng'ombe. Njia zote nchini zilifungwa miezi mingi, majani yaliyoloweshwa dawa mbele ya kila geti. Ng'ombe wa Amos walipigwa risasi wote, sitini na wawili, wakachomwa kwenye shamba la chini, na moshi ulikaa Ludroyd siku tisa. Tulifunga madirisha ya jiko la shule. Nilimwonea huruma mzee yule. Nilikaa mezani kwangu nikamwandikia kama mama yangu alivyonifundisha: huingii kwa mtu aliyefiwa bila kubisha hodi. Halafu nikasahau. Wallahi nilisahau, kama unavyosahau kwamba ulisema asubuhi njema.

"Bi Sugden," mkaguzi akauliza taratibu, "hii ni barua yako?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Hilo lingekuwa kweli dakika tano kabla.

"Ni yangu," nikasema.

Bi Lorna akafunga faili lake. Pelham hakucheka hata kidogo, nasikitika kusema. Alionekana kama mtu aliyeona aibu kwa niaba yangu. Nikageuka kumtafuta Des nyuma kabisa. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakushangaa. Watu wote walikuwa wameshangaa ukumbi mzima, isipokuwa yeye.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekwenda kwake. Jikoni kwake kuna kalenda ya posta ya mwaka juzi na vyombo vya siku tatu, kwa sababu mkono mmoja hauoshi sufuria. Nikaanza kuosha ili nimpe mgongo.

"Ulikuwa unajua."

"Mimi ndiye niliyeipeleka, Glenda. Ulinipa mkononi. Nilivuka yale majani ya dawa, viatu vikanuka mwezi mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningesema."

"Ungesema. Au ungenyamaza ukaugua. Hivi ilivyokuwa, uliandika hapana na ilikuwa hapana ya kweli, maana ulikuwa umesahau. Nikaona bora niache hivyo. Nilidhani Amos aliichoma."

"Na mimi nikakuita msaliti mbele ya watu."

"Watu kumi na wanne," akasema. "Nilihesabu."

Nikaangusha kijiko ndani ya maji. Nikamuuliza kwa nini hakunijibu siku ile, kwa nini aliondoka tu na kofia yake kama mwizi.

"Nikujibu nini? Kwamba si chupa, ni barua yako? Pale mbele ya wote?" Alijaribu kuinua bega akasahau limevunjika, akakunja uso. "Amos aliipenda ile barua, ujue. Alisema mwaka ule wote waliomwandikia ni serikali na wewe."

Nimeosha hadi chungu ambacho hakikutumika. Sijalia tangu mume wangu afe, na sikulia leo, lakini ilikuwa shughuli.

Alhamisi, 28 Novemba

Theluji nyepesi. Sijagusa baiskeli.

Alhamisi, 12 Desemba

Uamuzi umekuja. Kurasa kumi na moja. Mkaguzi anasema mashahidi wote thelathini na wanne walikuwa wakweli, nami pia, na kwamba tangu Oktoba 2001 kikundi kilipita kwa ruhusa. Maombi yamekataliwa. Huko mjini nasikia wananiita Mama Tungeshukuru. Muuza samaki aliniuliza leo kama angeruhusiwa kunifungia chewa wawili. Nikamwambia ajifungie ulimi.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimempelekea Des supu ya mbaazi. Nimemkuta anajaza upepo gurudumu kwa mkono mmoja, pampu kaibana kwa goti.

"Machi naendesha," akasema. "Daktari kasema Machi."

"Utapitia wapi?"

"Barabarani. Kwingine wapi?"

"Des, wewe ni mzee wa miaka sabini na moja mwenye pini ya chuma begani."

"Basi wataniona kwa mng'ao." Akacheka, akashika mbavu. "Siachi Njia ya Jaggers kwa sababu ya maili mbili, binti. Mimi sikai ndani."

Nilimwangalia na nikajua kabisa kwamba atakwenda, na nikajua lori la namna gani, na ukuta upi.

Jumapili, 15 Desemba

Nimekaa kwenye meza ileile. Nimechana karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa na matusi, ya pili ilikuwa na sheria, ya tatu na ya nne sisemi. Ya tano nimeiandika kwa mwandiko wangu mzuri, na nilipofika katikati sikupata maneno mengine yanayofaa zaidi ya yaleyale.

*Mpendwa Bwana Pelham. Tungeshukuru sana kama ungeturuhusu kupita Harrop Nook.*

Hii nimeipeleka mwenyewe.

Jumatatu, 23 Desemba

Jibu, limepigwa chapa. Anaruhusu. Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, watu wasizidi sita, si wakati kondoo wanazaa, na anaweza kuiondoa ruhusa siku yoyote bila kutoa sababu. Anaomba nitie sahihi nakala na kuirudisha. Nimetia sahihi. Ile g yenye mkia.

Jumanne, 31 Desemba

Jua baridi, ardhi ngumu, siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Des alitaka kuiona ile maili hata kwa miguu, kwa hiyo tumeikokota baiskeli yake katikati yetu, mimi nimeshika usukani, Tanvir ameshika kiti, na yeye kaweka mkono mzima juu yake. Mnyororo umeondolewa. Kuna kibao kipya: WAENDESHA BAISKELI WANAPITA KWA HISANI YA MWENYE SHAMBA.

"Geti moja," Des akasema.

Hakuna aliyemnyamazisha.

Pelham alitoka nyumbani na mbwa wake, kavaa lile koti, ambalo sasa limeanza kuchafuka. Alitushikilia geti. Alikuwa na furaha ya kweli, mtu yule, na hilo ndilo nisiloweza kumsamehe.

"Karibuni, karibuni sana," akasema. "Mnaona? Mngeniomba tu tangu mwanzo."

Des aliniangalia. Tanvir aliangalia milima. Nilikuwa na maneno ya kujaza ukumbi mzima wa kanisa, na upande wa pili wa lile geti maili moja bila lori hata moja.

"Asante," nikasema.